Bustani ya Maji Sebuleni

Leo naingia sebuleni kwako.

Siku hizi nikitembelea nyumba hapa Mombasa, naona bustani ndogo za maji: bakuli la kioo lenye changarawe na tawi la ule mmea utambaao wenye majani kama moyo, au chombo cha yungiyungi dogo karibu na dirisha. Zapendeza kweli. Nami ninayo moja, ndiyo maana nitakueleza aibu yangu.

Siku moja mwanangu aliniita: "Mama, kuna visamaki kwenye chupa ya maua!" Sikuwa nimeweka samaki. Nilipochungulia, nikaona viluwiluwi vya mbu. Mimi muuguzi, ninayekagua mapipa ya majirani! Na maji nilikuwa nikibadilisha kila Jumamosi. Kosa langu ni kwamba chupa sikuisugua.

Mbu huyu huitwa Aedes, mweusi mwenye madoa meupe miguuni. Si yule wa malaria. Huuma mchana, kwa hivyo neti ya usiku pekee haikukingi. Hupenda maji yaliyotulia ndani ya vyombo, hata yawe safi. Wala hangoji mvua: mwaka 2004 chikungunya ilienea Lamu wakati wa ukame, watu wakiwa wamehifadhi maji majumbani. Mombasa tulipata homa ya dengi mwaka 2013, kisha chikungunya mwishoni mwa 2017 hadi 2018.

Sasa sikiliza vizuri. Jike hutaga mayai ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji. Ni madogo, meusi, yamenata kama kwa gundi. Ukimwaga maji, yanabaki. Yanaweza kukaa makavu kwa miezi kadhaa, na maji yakiyafikia yanaangua. Kwa joto letu la Pwani, yai huwa mbu anayeruka kwa muda wa siku 7 hadi 10 hivi.

Basi mara moja kwa wiki toa mmea, suuza mizizi, mwaga maji kwenye mchanga mkavu, si kwenye mtaro. Sugua chombo ndani kwa brashi na sabuni, hasa pale kwenye mstari wa maji. Changarawe nazo zioshe. Kama chombo ni kikubwa, weka samaki wadogo wale viluwiluwi, lakini hapo usitie sabuni wala dawa ya kuulia vijidudu. Na bakuli kubwa lisikae sakafuni ikiwa una mtoto anayetambaa. Maji ya kina kifupi sana yanatosha kumzamisha.

Ukipata homa ya ghafla, kichwa kikiuma nyuma ya macho na viungo vikivunjika, nenda ukapimwe. Kabla ya hapo tumia paracetamol tu. Usinunue aspirin, ibuprofen wala diclofenac, maana kama ni dengi zaweza kuzidisha kutoka damu. Tumbo likiuma sana, ukitapika mfululizo, au damu ikitoka puani au kwenye fizi, usingoje kesho. Kimbilia hospitali.

Chupa yangu ingali pale dirishani. Jumamosi mwanangu ndiye huniletea brashi. Kwaheri, tukutane wiki ijayo.