Kurekebisha Shokapu za Nyuma kwa Kipimo: Mada kwa Mafundi na Madereva wa Bodaboda wa Buhongwa

Utangulizi

Bodaboda ya Buhongwa haina kazi ya aina moja. Asubuhi inapeleka abiria Nyegezi kwa lami ya barabara ya Shinyanga. Mchana inapanda njia ya mawe mlimani, gunia likiwa kwenye keria. Hata hivyo, nyingi zinatembea na shokapu za nyuma zilivyotoka dukani, au zilivyokazwa kwa kukisia. Hoja yangu ni moja: shokapu zirekebishwe kwa kipimo, na kipimo hicho kichukuliwe abiria akiwa amepanda.

Kwa nini mshuko ni muhimu

Uzito ukipanda, nyuma hushuka. Ikishuka mno, gurudumu la mbele huwa jepesi na usukani hulegea, hasa mlimani. Taa huinuka na kumpiga machoni anayekuja. Kwenye tuta shokapu hugonga mwisho, na kishindo huishia mgongoni mwa abiria. Nyuma isiposhuka kabisa, gurudumu halifuati shimo. Tairi huruka na breki haina pa kushika.

Kupima

Wanatakiwa watu wanne, nao kijiweni hawakosekani: dereva, abiria, wa kushika usukani na wa kupima.

1. Weka pikipiki kwenye stendi kubwa, gurudumu la nyuma lining'inie. Pima kutoka katikati ya ekseli hadi alama ya chaki iliyo juu yake kwenye bodi. Tuseme ni milimita 540.
2. Ishushe. Dereva na abiria wapande, miguu ikiwa mahali pake.
3. Bonyeza nyuma, iache ipande yenyewe polepole, kisha pima: 497. Iinue kidogo, iache ishuke, pima tena: 503. Vipimo hupishana kwa sababu ya msuguano, kwa hiyo chukua wastani: 500.
4. Toa 500 katika 540. Mshuko ni milimita 40.

Lengo ni karibu theluthi moja ya mwendo wote wa gurudumu. Ikiwa mwendo huo ni milimita 100, tunataka kama 33. Hii ya mfano imeshuka mno.

Kurekebisha

Shokapu nyingi za pikipiki hizi zina pete yenye ngazi chini ya springi. Kaza ngazi moja kwa spana yake, pande zote mbili sawa, kisha pima upya. Ngazi zikipishana kulia na kushoto, mkono wa nyuma unabebeshwa mzigo upande mmoja.

Tusisahau kwamba kukaza pete hakuifanyi springi kuwa ngumu zaidi; kunainua kimo tu. Ukifika ngazi ya mwisho na mshuko bado ni mkubwa, springi imechoka au mzigo umezidi. Springi ibadilishwe jozi nzima, mzigo upunguzwe. Hakuna ngazi inayohalalisha mishikaki.

Pia, pikipiki inayoendelea kudunda baada ya tuta ina shokapu iliyoishiwa oili. Hiyo haiponi kwa spana.

Mwisho, kagua cheni abiria akiwa amepanda. Nyuma inaposhuka, mkono wa nyuma hukaribia kunyooka na cheni hukaza. Cheni iliyoonekana sawa kwenye stendi inaweza kuvuta hadi kuua beringi na sproketi.

Mapendekezo

Kwanza, kila kijiwe kiwe na futi na spana ya shokapu vya pamoja. Pili, fundi aandike chini ya siti kipimo cha gurudumu likining'inia na ngazi inayofaa kwa abiria mmoja. Tatu, dereva aliyekaza kwa ajili ya gunia zito arudishe ngazi kabla ya kupakia mtu. Nne, kipimo kirudiwe kila shokapu au springi inapobadilishwa.

Abiria hana namna ya kujua shokapu imekazwaje anapopanda. Jukumu hilo ni la fundi na dereva, na linatimizwa kwa dakika chache kabla ya kazi kuanza.