Kuanza Kurusha Ndege ya Kamera



Chama kinachonunua ndege isiyo na rubani ili kupiga picha za mashamba ya tumbaku kimeweka fedha za wanachama angani. Kazi ya kwanza, basi, si kuirusha, bali ni kuisajili na kupata kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, kwa mujibu wa kanuni za mwaka 2018. Kitete imo katika Manispaa ya Tabora, mji wenye kiwanja cha ndege. Jambo hilo halina mzaha.

Mazoezi yafanyike asubuhi, kabla upepo haujakaza, katika uwanja mtupu. Mrushaji asubiri mtambo unase setilaiti na kukariri mahali pa kurudia. Hapa ndipo wengi hukosea. Mawasiliano yakikatika, ndege hupanda hadi kimo ilichopangiwa, kisha hurudi moja kwa moja. Kimo hicho kikiwa chini ya miembe, na Tabora ina miembe mirefu tangu enzi za misafara, itajibamiza matawini. Kipangwe upya kila mahali.

Iteremshwe betri ikiwa bado na theluthi ya chaji. Ua wa jirani usipigwe picha bila ridhaa yake. Betri isiachwe juani, wala isichajiwe usiku ofisini pasipo mtu.