Bonde la Ruzizi na Kazi ya Karani

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama)



Nimetakiwa nieleze habari za nchi, nami nimechagua bonde la Ruzizi, kwa kuwa lina jambo litupasalo sisi watu wa kalamu.

Mto Ruzizi hutoka Ziwa Kivu, penye kimo cha mita 1,460 hivi juu ya bahari, ukaingia Ziwa Tanganyika, penye mita 770 hivi. Kwanza hupita katika magenge na maporomoko. Lakini ufikapo Kamanyola na Bugarama, milima huachana, na maji huenda polepole katika uwanda mpana wenye joto, hata karibu na Uvira na Bujumbura. Magharibi ni Kongo, mashariki ni Burundi, na pembe ya kaskazini ni Rwanda. Udongo wake huzaa mpunga, pamba, mahindi na muhogo.

Mpaka ulikatwa mwaka 1910, Wajerumani na Wabelgiji walipopatana. Lakini watu hawakukatika kama ramani. Wafuliiru na Wavira wako upande wa Kongo. Warundi wako ng'ambo zote mbili. Na Wanyamulenge hufuga ng'ombe zao katika milima ya Itombwe. Sokoni Kiswahili huwakutanisha. Hata umeme wa Ruzizi ya Pili, uliokamilika mwaka 1989, ni mali ya nchi zote tatu.

Basi angalieni: mto ni mmoja, lakini karani wa Kongo huandika Ruzizi, na wenziwe wa Burundi na Rwanda huandika Rusizi. Maji hayadhuriki kwa herufi hiyo. Bali jina la mtu likiandikwa hivi katika cheti cha kuzaliwa, na vile katika kitambulisho, mwenyewe huhesabiwa kuwa watu wawili, au kuwa si mtu wa popote.

Wala jambo hili si dogo. Mwezi wa Agosti 2004, katika kambi ya Gatumba, upande wa Burundi, wakimbizi zaidi ya 150 waliuawa usiku, wengi wao Wanyamulenge waliotoka Kongo. Kwao waliitwa wageni; na walipovuka, mauti yakawakuta huko huko. Sisemi ya kwamba kalamu ingaliizuia bunduki. Nasema ya kwamba asiyeandikwa sawasawa hana ushahidi siku aitwapo mgeni.

Kwa hiyo, ndugu zangu, ajapo mtu mezani penu, liandikeni jina lake kama alitamkavyo, kisha msomeeni alisikie. Mwulizeni alikozaliwa, wala msikisie kwa sura au kwa lugha yake. Maana katika bonde lile msemaji wa Kirundi aweza kuwa mzaliwa wa Kongo, yeye na babu yake. Na pakiwa na herufi moja iliyokosewa, isahihisheni siku ile ile, msimrudishe mtu aliyetembea kutwa nzima.