NANI ATALIPA? MTUMISHI, WAKALA NA KONTRAKTA

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi, na kuandikwa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.)



Leo hatutasema juu ya nyongeza ya mshahara. Tutasema juu ya jambo linalotangulia mshahara, nalo ni hili: unapofanya kazi ya mtu mwingine, wewe ni nani mbele ya sheria?

Tumeletewa ofisini habari ya mwenzetu mmoja, dereva wa lori. Aliendesha lori la tajiri wake kwa miaka mingi. Siku moja aliitwa akapewa karatasi ndefu ya Kiingereza, akaambiwa atie sahihi au arudishe funguo. Ana watoto shuleni, akatia sahihi. Kesho yake mambo yalikuwa yale yale: lori lile lile, njia ile ile, karani yule yule wa kumwambia aondoke saa ngapi na alale wapi. Kilichobadilika ni kwamba likizo ilikatika, na malipo ya NSSF yakakatika. Halafu lori likapinduka. Dereva akavunjika mguu na mizigo ikaharibika. Alipotuma mtu kuomba msaada wa hospitali, alijibiwa hivi: "Yeye si mtumishi wetu. Ni kontrakta. Na mizigo atailipa yeye." Shauri hilo bado halijaamuliwa, kwa hiyo hatutaji mtu wala kampuni. Lakini twataka kila mmoja wenu aelewe jibu lile lilitoka wapi, na kama lina nguvu au ni la kutisha watu tu.

Sheria inawajua watu wa namna tatu wanaofanya kazi ya mwingine.

Wa kwanza ni mtumishi, yaani aliyeajiriwa. Huyu anafanya kazi chini ya mkono wa tajiri, kwa mshahara, na anaambiwa afanye nini na afanyeje.

Wa pili ni wakala. Huyu anatumwa kusema, kununua, kuuza au kupatana na watu kwa niaba ya yule aliyemtuma, ambaye tutamwita mwenye kazi. Anapoweka mkono, ni kama mwenye kazi ameuweka.

Wa tatu ni kontrakta wa kujitegemea. Huyu amepatana kumaliza kazi fulani kwa bei fulani, kwa vyombo vyake na kwa njia yake. Ukimwita fundi akujengee choo kwa bei mliyopatana, humwambii ashike mwiko kwa mkono gani. Wewe wataka choo tu.

Mtu mmoja aweza kuwa wa namna mbili pamoja. Karani wa duka ni mtumishi, lakini anapomwuzia mnunuzi yeye ni wakala pia.

Mtauliza, sheria hii imetoka wapi? Mpaka mwisho wa mwaka 1960, mambo ya mapatano hapa Kenya yalifuata Sheria ya Mapatano ya India ya mwaka 1872. Tangu tarehe 1 Januari 1961 yanafuata sheria ya Kiingereza inayotokana na hukumu za majaji, isipokuwa pale ambapo Bunge letu limeandika sheria nyingine. Ndiyo sababu wakili wako hutaja mashauri ya zamani ya Uingereza mbele ya jaji wa Nairobi au Mombasa.

Tuanze na mtumishi. Kanuni yake ni kwamba mtumishi akimdhuru mtu akiwa katika kazi ya tajiri, tajiri hulipa. Mwaka 1862 kulikuwa na shauri la kampuni moja ya mabasi ya London, mabasi ya kuvutwa na farasi. Dereva alilikatia njia basi la kampuni nyingine makusudi, likapinduka. Kampuni ikasema, "Sisi tulimpa kadi iliyoandikwa kwamba asishindane wala asizuie mabasi ya wengine." Majaji hawakulikubali jibu hilo. Walisema dereva alikuwa akifanya kazi ya kampuni, ingawa aliifanya vibaya. Basi tajiri hawezi kujificha nyuma ya amri aliyoibandika ukutani.

Hapa kwetu nako ni hivyo. Mwaka 1967 Korti ya Rufaa ya Afrika Mashariki, ambayo wakati huo ilikuwa yetu pamoja na Uganda na Tanzania, iliamua shauri la mtu wa Uganda aliyeuawa kwa risasi na polisi aliyekuwa kazini wakati wa ghasia. Kule kupiga risasi hakukuwa na sababu ya haki, lakini korti ilisema Serikali ilipe, kwa kuwa yule polisi alikuwa katika kazi yake. Tena kuna shauri la mwaka 1969 linalotajwa sana katika korti zetu: gari likimdhuru mtu kwa uzembe wa dereva, korti huchukulia kwamba dereva alikuwa akiliendesha kwa niaba ya mwenye gari, mpaka mwenye gari alete ushahidi wa kuonyesha vingine.

Tugeukie wakala. Wazee wetu walisema, mjumbe hauawi. Sheria nayo yasema karibu hivyo hivyo. Wakala akisema wazi ametumwa na nani, na asipite mpaka wa maneno aliyotumwa, deni ni la mwenye kazi, si lake. Lakini mjumbe aliyeongeza maneno yake mwenyewe hujiuzia balaa, na mjumbe aliyeficha jina la aliyemtuma aweza kudaiwa yeye mwenyewe.

Na mwenye kazi naye awe macho. Tuseme chama kimemtuma mtu kukusanya ada kiwandani, kikampa kitabu cha stakabadhi. Halafu chama kinamwondoa kazini, lakini hakiwaambii wanachama wala hakichukui kitabu. Yule mtu anarudi kiwandani, anapokea shilingi zenu, anawapa stakabadhi, anatoroka. Je, mtalipa mara ya pili? La. Chama ndicho kilichowaonyesha kwamba huyu ni mtu wetu, kwa hiyo hasara ni ya chama. Ukimwondoa wakala, tangaza, tena tangaza upesi.

Wakala ana wajibu tatu kubwa: kutii alivyotumwa, kutoa hesabu, na kutochukua faida ya siri. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, sajini mmoja wa jeshi la Uingereza kule Cairo alikuwa akipanda malori ya wafanya biashara ya magendo akiwa amevaa sare, ili polisi wasiyapekue. Alipata karibu pauni 20,000. Serikali yake ilizichukua, naye akaenda kortini kuzidai. Mwaka 1951 korti kubwa kabisa ya Uingereza ikamwambia kwamba fedha ile aliipata kwa ile sare, na sare si yake. Kiongozi wa chama aketiye mezani na tajiri kwa jina lenu, kisha akapokea bahasha chini ya meza, amevaa sare yenu. Bahasha ile si yake. Hayo twayasema mbele yenu ili siku moja myatumie juu yetu ikiwa tutakosa.

Sasa tufike kwa kontrakta. Hapa ndipo twakatwa. Kwa kawaida aliyempa kontrakta kazi halipi kwa makosa ya kontrakta, ila katika mambo machache, kama vile kazi iliyo ya hatari yenyewe, au kama alimchagua mtu asiyejua kazi. Tena sheria ya mwaka 2007 ya fidia kwa walioumia kazini humlinda aliyeajiriwa kwa mshahara. Kontrakta hayumo. Likizo ya malipo hana. Notisi ya kuachishwa hana, ila ile aliyopatana mwenyewe. Mnaona sasa kwa nini karatasi ile ya Kiingereza ilikuwa ya thamani kwa yule aliyeiandika? Kwa sahihi moja alitaka kuitoa hatari yote mgongoni mwake na kuipandisha mgongoni mwa dereva.

Lakini sikizeni vizuri: jina lililo katika karatasi silo linalokata neno. Ukimwita mbuzi ng'ombe hatatoa maziwa ya ng'ombe. Korti inauliza maswali. Nani anatoa amri ya saa na njia ya kazi? Vyombo ni vya nani? Nani anapata faida kazi ikienda vizuri, na nani anapata hasara ikiharibika? Waweza kumtuma mtu mwingine afanye badala yako? Je, kazi yako ni sehemu ya biashara ya tajiri, au ni biashara yako mwenyewe? Hakuna swali moja linalotosha peke yake. Jaji huyapima yote pamoja.

Hatutawadanganya kwamba mfanya kazi hushinda siku zote. Kuna shauri la Uingereza lililochapwa katika vitabu vya mwaka 1968, juu ya dereva aliyechukua saruji ya kampuni. Alivaa sare ya kampuni na lori lilipakwa rangi za kampuni. Hata hivyo jaji alisema ni kontrakta, maana lori lilikuwa lake, alilitengeneza kwa fedha zake, na aliweza kumweka dereva mwingine badala yake. Lakini mwaka 2021 korti kubwa ya Uingereza iliamua vingine juu ya madereva wa Uber. Karatasi zilisema wanajitegemea, lakini korti iliona kwamba kampuni ndiyo inayopanga nauli na masharti, ikasema wana haki ya mshahara wa chini uliowekwa na sheria na likizo ya malipo.

Na hapa Nairobi kuna shauri la vijana waliokuwa wakichuja picha na maneno mabaya ya Facebook. Waliandikwa na kampuni iitwayo Sama, na Meta, wenye Facebook, wakasema hao si watu wao. Mwezi wa Juni 2023 jaji wa Korti ya Kazi, katika hatua ya kwanza kabla ya ushahidi wote kusikizwa, aliiona Meta kuwa ndiyo mwajiri mkuu, na Sama kuwa wakala tu. Mwezi wa Septemba 2024 Korti ya Rufaa ilikataa maombi ya Meta, ikasema shauri laweza kusikizwa hapa Kenya. Huo si mwisho wa shauri, lakini mmeona korti inatazama kazi ni ya nani, haitazami karatasi tu.

Tena jambo hili si la mtu mmoja mmoja. Sheria yetu ya mwaka 2007 ya uhusiano kazini yasema tajiri lazima akitambue chama kikiwa na zaidi ya nusu ya wafanya kazi wake wanaoweza kuingia chamani. Kontrakta hahesabiwi. Tajiri akiwageuza watu wake kuwa makontrakta, wachache leo na wachache kesho, hana haja ya kupigana na chama. Amekipunguza kwa kalamu. Na mapatano ya pamoja yaliyoandikishwa kortini, ambayo yanamfunga tajiri kwa ajili yenu nyote, yatabaki bila watu wa kuyala matunda yake. Anayetia sahihi peke yake akidhani amejiokoa, amemfungulia mwenzake mlango wa kutokea.

Basi twawashauri hivi.

Usitie sahihi karatasi usiyoielewa siku ile ile uliyopewa. Omba nakala, uilete ofisini.

Weka ushahidi wa kazi yako: ratiba, barua, ujumbe wa simu wa kukuamuru, stakabadhi za malipo. Maswali ya korti hujibiwa kwa vitu hivi. Na kama ni shauri la aliyeajiriwa, tajiri akishindwa kuonyesha mapatano yaliyoandikwa, mzigo wa kuthibitisha masharti ni wake.

Wewe kibarua, ujue kwamba ukifanya kazi siku za mfululizo ambazo jumla yake si chini ya mwezi mmoja, sheria ya kazi ya mwaka 2007 haikuhesabu tena kuwa kibarua wa siku.

Hata kama wewe ni kontrakta wa kweli, usikubali kuingia mahali pa hatari. Sheria ya usalama ya mwaka 2007 inamtaka mwenye mahali pa kazi awalinde watu wote wafanyao kazi mahali pake, si wale wenye barua za kuajiriwa tu.

Na usikawie. Madai ya sheria ya kazi yana mwisho wa miaka 3, na madai ya kuumia kazini hupewa muda mfupi zaidi. Ukiumia leo, habari ifike ofisini leo.

Yule dereva tuliyemtaja bado anatembea kwa magongo. Amri za karani wake alikuwa amezihifadhi katika simu, moja moja, za miezi mingi, pamoja na saa zake. Hakujua kwamba zingemfaa. Alizihifadhi ili asigombane na karani. Leo amri zile ndizo silaha yake, naye wakili wetu anazo mkononi.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Nendeni mkawaambie wenzenu ambao hawakufika.