Mche wa Kakao wa Kubebesha: Unalipia Nini?



Mwaka 2024 bei ya kakao katika soko la dunia ilivuka dola 10,000 za Marekani kwa tani. Mazao yanapopata bei, hamu ya kupanda huongezeka, na wauza miche nao hupandisha bei yao. Lakini gharama ya kujaza udongo kwenye kiriba haipangwi London wala New York. Mnunuzi anayo haki ya kuuliza bei ya mche imetokana na nini.

Kwanza, tutofautishe miche ya aina mbili. Mche wa mbegu huotesha tabia zilizochanganyika za wazazi wawili. Hata mbegu ikitoka kwenye mti uzaao sana, mtoto aweza kuwa tofauti. Mche wa kubebesha hupatikana kwa kuunganisha kikonyo cha mti mama uliochaguliwa na shina la mche mchanga. Huo hufuata tabia za mti mama, na kwa kawaida huwahi kuzaa kuliko wa mbegu. Ndiyo sababu bei yake huwa juu.

Sasa tuangalie hesabu ya mwenye kitalu. Huu ni mfano tu, wala si bei elekezi. Ameandaa miche 100. Viriba, udongo, samadi na mbegu vimemgharimu shilingi 20,000. Kivuli, umwagiliaji na palizi, shilingi 40,000. Vikonyo na ujira wa fundi wa kubebesha, shilingi 30,000. Jumla ni shilingi 90,000. Kama miche yote ingepona, kila mmoja ungemgharimu shilingi 900. Lakini mingine haikuota, na mingine kikonyo kilikauka, imebaki 60. Gharama ya kila mche sasa ni shilingi 1,500. Akiongeza faida ya shilingi 500, atauza kwa shilingi 2,000, na hajamdhulumu mtu.

Kwa hiyo muuzaji mwaminifu ataweza kukutajia mambo matatu: gharama zake, idadi ya miche iliyokufa, na faida yake. Ukipanda kwa nafasi ya mita tatu kwa tatu, ekari moja huchukua miche ipatayo 450. Tofauti ya shilingi 500 kwa mche ni shilingi 225,000 kwa ekari. Si fedha ya kuacha bila kuuliza.

Hata hivyo, urahisi wa bei usikupumbaze. Kubebesha hunakili mti mama, uwe mzuri au mbaya. Kikonyo kilichokatwa kwenye mti usiojulikana hakistahili bei ya juu, hata fundi awe hodari namna gani. Hasara yake hutaiona siku ya kununua; utaiona baada ya miaka kadhaa, mti ukiwa umekwisha kushika ardhi yako na nguvu zako.

Kabla ya kulipa, fanyeni haya. Ombeni kuuona mti mama, au kutajiwa jina la aina yake. Tazameni shina: mche uliobebeshwa una kovu la kiungio, na machipukizi yaliyo chini ya kovu hilo si ya mti mama. Kiungio kiwe kimeshikana imara, na majani mapya yawe yamekomaa. Ulizeni pia kama kuna aina zaidi ya moja, kwa kuwa baadhi ya mikakao haizai kwa chavua yake yenyewe. Shamba zima la aina moja ya namna hiyo laweza kuchanua na maua yakapukutika bila kufunga matunda.

Mwisho, daini risiti inayoonyesha idadi ya miche, aina yake, na kwamba ni ya kubebesha. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na Taasisi ya Udhibiti wa Ubora wa Mbegu Tanzania ipo kwa ajili ya kusimamia ubora wa mbegu. Lakini malalamiko yasiyo na risiti ni magumu kuyathibitisha. Itunzeni risiti hiyo mpaka mikakao yenu itakapozaa.