KENGELE YA SPIKA
Hotuba iliyotolewa kwa wananchi wa Keza, Wilaya ya Ngara



Nawashukuruni kwa kuacha migomba na kahawa zenu mkaja kunisikiliza. Nitasema juu ya jambo ambalo wengine hudhani ni la wakubwa wa Dodoma peke yao, nalo ni muda wa kujadili miswada katika Bunge.

Mbunge akisimama kule hupewa dakika zake. Kengele ya kwanza ikilia ajue zimekaribia kwisha. Ya pili ikilia, akae. Mimi siilaumu kengele hiyo. Hata katika baraza la ukoo, mzee anayesema mpaka mbuzi wanarudi zizini huambiwa, "Mzee, tumekusikia." (Kicheko.) Wabunge ni zaidi ya 300. Kila mmoja akisema apendavyo, hapana kazi itakayokwisha.

Lakini yafaa tujue kanuni za namna hii zilitoka wapi. Mwaka 1881 Serikali ya Uingereza ilipeleka bungeni London sheria ya kuwabana watu wa Ireland, waliokuwa chini ya utawala wake, ili iweze kuwafunga bila kuwapeleka mahakamani. Wabunge wa Ireland, wakiongozwa na Parnell, walijua kwamba kwa kura hawawezi. Basi wakasimama mmoja baada ya mwingine, wakasema na kusema, kikao kikaenda saa 41, hata Spika akakata maneno na kuamuru kura ipigwe. Mwaka uliofuata likawa jambo la kanuni. Kufuli lililotengenezwa kwa ajili ya watu wa Ireland likabaki kuwafunga vinywa Waingereza wenyewe.

Na sisi je? Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilianza mwaka 1926, na mpaka 1945 halikuwa na Mwafrika hata mmoja. Kwa miaka 19 sheria zetu zilipitishwa nasi hatukupewa hata hizo dakika za kengele.

Kwa hiyo nawaambieni: dakika za mbunge ni jambo dogo. Jambo kubwa ni siku ambazo muswada hukaa mikononi mwa wananchi kabla haujajadiliwa. Kanuni zilizokuwapo zilitaka muswada utangazwe katika Gazeti la Serikali siku zisizopungua 21 kabla ya kusomwa mara ya kwanza. Ila Rais akitia sahihi hati ya dharura, siku hizo zinarukwa. Ndivyo ilivyokuwa Julai 2015 kwa miswada mitatu ya mafuta na gesi: wapinzani wakapiga kelele, baadhi yao wakasimamishwa, miswada ikapita, na siku chache baadaye Bunge likavunjwa. Ikawa hivyo tena mwaka 2017 kwa miswada mitatu ya mali ya asili na madini. Ililetwa mwishoni mwa Juni, na Julai ilipoanza tu ikawa imekwisha pita.

Mtu asitoke hapa akasema nazipinga sheria zile za 2017. Zilisema mali ni ya wenye nchi, na katika machimbo Serikali ipewe hisa zisizopungua 16 kwa mia bila kuzilipia. (Makofi.) Nikeli ya Kabanga, iliyo katika wilaya yetu hii, mkataba wake wa Januari 2021 uliipa Serikali hizo 16.

Lakini sheria hizo hizo ziliondoa leseni za kuhodhi maeneo ya madini, na mwaka 2018 zote zikafutwa, ya Kabanga ikiwa mojawapo. Kampuni ya Indiana Resources ya Australia, iliyokuwa na nikeli yake huko Ntaka Hill, ikaishitaki nchi yetu mbele ya wasuluhishi wa kimataifa. Kesi ilifunguliwa mwaka 2020, ikaamuliwa Julai 2023: tulipe zaidi ya dola milioni 109. Mwaka 2024 wakapatana kwa milioni 90. Kutunga sheria kulichukua siku chache; kuitetea kulichukua miaka.

Siwezi kuapa kwamba mjadala mrefu ungetuokoa na deni hilo. Huenda wabunge wangesema mwezi mzima na asiulize mtu. Lakini swali lilikuwa jepesi: wenye leseni tukiwanyang'anya, watatudai nini? Angeweza kuliuliza hata mkulima aliyewahi kuvunja mapatano ya shamba.

Basi ombi langu kwenu ni hili. Mbunge wetu akija, msimwulize juu ya barabara tu. Mwulizeni: muswada uliopita uliupata siku ngapi kabla ya kuupigia kura? Uliusoma wote? Na unaokuja, atautuma lini kwa ofisi ya kata ili usomwe hapa, siku ya gulio, mbele ya watu?

Nami naona nimekwisha kula dakika zenu. Mwenye swali asimame. Hapa hapana kengele.