Umeme wa wanachama



Wengi wetu tunachaji simu kwa mwenye paneli yake, na bei anapanga yeye. Leo nakuletea habari za wakulima waliomiliki umeme wao wenyewe, huko Marekani. Mwaka 1935, vijijini kwao, karibu nyumba 9 kati ya 10 hazikuwa na umeme. Ndiyo, Marekani hiyo hiyo! Kampuni zilisema nyumba ziko mbalimbali mno, kuwavutia nyaya ni hasara. Wakulima wakaunda vyama vya ushirika. Serikali iliwakopesha, haikuwapa bure. Kiingilio mara nyingi kilikuwa dola 5, pesa nzito wakati ule. Lakini aliyelipa alikuwa mteja na pia mwenye mali: kila mwanachama kura moja, awe na shamba kubwa au dogo. Vyama hivyo vipo hadi leo, zaidi ya 800.

Basi ukiombwa mchango wa paneli ya kikundi kwenye bloku yako, usianze na wati ngapi. Uliza daftari la fedha anashika nani, na kama unaruhusiwa kulisoma. Uliza pia betri ikifa (nayo hufa mapema kuliko paneli), pesa ya nyingine itatoka wapi.